Mwaka Nilipouguzwa Nikiwa Mzima

Hitima ya shangazi yangu Mwanaidi ilisomwa nyumbani kwake mtaa wa Barani, Malindi, nyumba tuliyokuwa tukiishi naye, siku ya tatu baada ya kumzika, na sisi wanawake tulikaa katika chumba cha ndani, chumba ninachokijua kuliko chochote nilimowahi kulala. Dirisha la mbao ni lile lile, linaangalia uani kwa jirani yetu Bi Zuhura, na bawaba moja bado haifungi vizuri. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, kwenye mabomba tunayoyatandaza upande wa Magarini, na viatu nilivyoviacha mlangoni vilikuwa na udongo mwekundu. Tangu nilipopigiwa simu nilikuwa nimejizuia kulia. Kisha akaingia Rukia, binti wa Bi Zuhura, katoka Nairobi, buibui limekunjamana kwa safari, akanikumbatia, na sote wawili tukalia mpaka wenzetu wakaacha mazungumzo yao. Tulipotulia, mama mmoja aliyehamia mtaani miaka hii ya karibuni, mtu mwema lakini mdomo haumkai, akauliza kwa sauti ya kutosha chumba kizima: "Nyinyi mwapendana hivi, mlijuana wapi? Si nasikia Rukia miaka ile alikuwa Muscat kwa mumewe?" Bi Zuhura alikuwa pembeni, ameegemea mto, mkongwe sasa, macho yamepungua lakini masikio mazima. Kikombe cha kahawa kilibaki mkononi mwake, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi chini. Jibu la swali lile lilikuwa limefungwa kwa miaka mingi, na aliyelifunga ndiye tuliyekuwa tukimsomea.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa mazuri kiasi cha kuwatia watu hofu nyumbani. Ningefeli kidogo, mambo yangekuwa mepesi. Nilitaka uhandisi wa maji. Usiniulize nilitoa wapi jambo hilo. Labda ni ile sauti ya mfereji wetu, uliokuwa ukikohoa alfajiri kabla ya kutoa maji, na siku nyingine ukikohoa tu usitoe kitu, nami nikilala macho nikijiuliza huko nyuma ya ukuta kumetokea nini. Chuo chenye uhandisi huo kilikuwa bara, Nairobi, mbali. Karibu, upande wa Kilifi, kulikuwa na ualimu, ambao ningeweza kuusoma huku narudi nyumbani kila Ijumaa. Machaguo yalikuwa yanapitia shuleni, kwa mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Mutiso, mtu wa Ukambani aliyekuwa amekaa Malindi miaka na miaka na bado akishangaa kwamba watu hapa hawana haraka. Yeye ndiye aliyekuwa akiyatuma, na siku ya mwisho ilikuwa inakaribia.

Jambo lenyewe liliamuliwa juu ya sinia ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mimi niko nyuma ya mlango nasaga pilipili ambayo ilikuwa imesagika zamani. Nilimsikia baba akisema, "Sikatai asome. Nakataa nisikokujua." Shangazi Mwanaidi alikuwa dada yake mkubwa, na katika nyumba yetu neno lake lilikuwa linaliwa kwanza, halafu ndipo chakula. Akasema, "Basi nitakwenda mimi nikakuone. Hata mwari haozwi mpaka nyumba ya mume itazamwe." Nikamsikia baba akichambua mwiba. "Sawa, dada. Ukirudi ukisema pale panafaa kukaa mtoto wa kike, ataandika. Ukisema hapana, ataandika ualimu, na neno hili lisirudi tena ndani ya nyumba hii." Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi nilikuwa namjua shangazi: posa mbili za binamu yangu alizirudisha kwa sababu ya choo. Nikaosha kinu, na pilipili ikanichoma mikono mpaka usiku.

Mwalimu Mutiso alifurahi aliposikia tunataka kwenda kukiona chuo. Akaniambia jambo moja tu: "Pigeni simu kwanza. Maabara si duka, kwamba utakuta mlango wazi. Waambieni mnakuja siku fulani, wamtafute mtu wa kuwatembeza." Nililipeleka neno hilo kwa shangazi kama lilivyo, naye akanitazama kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila nguo. Safari haitangazwi. Ikitangazwa huvunjika, kila mtu anajua hilo, isipokuwa watu wa bara, na ndiyo maana basi zao zinapinduka. Hofu yake kubwa ilikuwa jicho, na katika macho yote ya Barani, alilolihofia zaidi lilikuwa la Bi Zuhura. "Zuhura mwenyewe hana ubaya," alikuwa akisema, "jicho lake ndilo lenye ubaya." Bi Zuhura aliwahi kumsifu mbuzi wetu, mbuzi akafa. Aliwahi kuzisifu nywele zangu, nikaugua homa ya matumbo mpaka zikanyonyoka. Kwa hiyo ilitakiwa sababu ya safari ambayo hata hasidi hawezi kuionea wivu, na shangazi akaipata kabla ya alasiri. Nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa napelekwa hospitali kubwa Nairobi kutazamwa. "Ugonjwa hauna hasidi," akasema, akaridhika, akanunua tiketi.

Laiti angefikiri kidogo tu watu wa kwetu huwafanya nini wagonjwa. Kabla ya magharibi ya siku ile, Bi Zuhura alikuwa ameshaingia na sufuria ya uji wa mchele wenye pilipili manga, kaufunika kwa kanga, akanishika paji la uso akasema nina joto. Na kweli nilikuwa nalo, joto la woga. Kesho yake wakaja wengine. Nilinyweshwa habasoda na asali, nikanyweshwa shubiri, ambayo aliyeionja hawezi kuisahau mpaka anaingia kaburini, nikanyweshwa maji ya majani ambayo hata aliyeyaleta hakuwa na uhakika nayo. Bi Zuhura akatoka mpaka Mambrui akaniletea kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya waridi, nikayanywa yale maji yeye amenishikia kichwa. Nilimtazama kwa karibu, nikaona machozi yanamlenga. Nikamwonea aibu. Nikaogopa pia, kwa sababu nilifundishwa tangu utotoni kwamba mtu hajitabirii, na mimi nilikuwa nimelala kitandani mchana kweupe najitabiria ugonjwa mbele ya mashahidi.

Na ukaja. Shubiri ilinikoroga tumbo mpaka nikawa nainuka kila mara, na wale waliokuwa na shaka wakathibitisha. Kulikuwa na wengine ambao shaka yao ilikuwa nyingine. Kupitia dirisha lile lisilofungika niliwasikia wawili wakinong'ona uani: "Msichana mzima, anapelekwa Nairobi, haisemwi anaumwa nini. Ni tumbo, wasema. Sasa tumbo la aina gani?" Nilivuta shuka usoni. Nilikuwa na hofu tatu sasa, sikujua nishike ipi: kwamba shangazi hatakipenda chuo, kwamba jina langu litachafuka nikiwa ndani nanywa uji, na kwamba Mungu ataniumiza kweli ili nikome. Ikaja ya nne. Mwalimu Mutiso naye alipata habari, akaja na machungwa kwenye mfuko wa karatasi, akakaa kwenye kiti cha mgeni na magoti juu, akaniambia kwa upole ulionimaliza: "Usijali mambo ya bara tena. Ukiwa hivi, huwezi kuishi mbali na wazazi. Nitakuandikia ualimu hapa Kilifi, nitume mapema, akili yako itulie." Shangazi alikuwa amekaa pale pale, na Bi Zuhura kwenye mkeka wa pili. Shangazi alisema, "Ahsante, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Nikasema nataka kwenda chooni. Nikapita uani, nikazunguka nyumba peku, nikamdaka njiani karibu na duka la mkaa. "Mwalimu, usitume. Mimi si mgonjwa." Akaniangalia, kanga kichwani, macho yameingia ndani kwa shubiri. "Wagonjwa wote husema hivyo," akajibu. Nikamwapia. Nikamwambia yote, chuo, jicho, mbuzi, nikiongea mbio huku natazama nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta kwa shati. "Kwa hiyo hamkupiga simu." Nikasema hatukupiga. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Nitangoja mpaka Jumatatu. Ukirudi na ndiyo, nitatuma ndiyo. Usiporudi na neno, nitatuma la Kilifi, kwa sababu kutotuma kabisa ni kukupoteza." Nikarudi kitandani. Bi Zuhura akasema sasa naonekana mbaya zaidi, na hakuwa amekosea.

Leo, mimi niliyezeeka kwenye mikutano ya kupanga mikutano, nacheka nikikumbuka tulivyofika kwenye lango la chuo kile. Shangazi alivaa buibui lake jipya, akabeba kikapu cha mahamri na kachori, kwa maana huendi kwa watu mikono mitupu, na alikuwa ameshapanga kichwani atakayoyatazama: wanakolala wasichana, kama mlango unafungwa kwa ndani, kama bafuni mna maji, wanakoswalia, na nyama ya jikoni imechinjwa na nani. Mlinzi alitusikiliza mpaka mwisho wa salamu, nazo zilikuwa ndefu. Halafu akauliza, "Mama, mko na barua? Mlipiga simu? Wanafunzi wako likizo. Kumefungwa." Shangazi akamjibu kwamba tumetoka Malindi, kama vile hilo lingefungua kufuli. Mlinzi akatupa benchi kivulini, akasema pole. Tulikaa pale na kikapu chetu. Baridi ilikuwa ya kuingia mifupani. Nilimtazama shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba yeye naye huogopa. "Basi turudi," akasema taratibu. "Tutamwambia babako hatukuona kitu." Na mimi nilijua kwamba kwa baba "hatukuona kitu" maana yake ni ualimu. Nilitaka kulia, nikawa hata machozi siyapati.

Hapo ndipo walipotoka ndani watu watatu, wanaume wawili na mwanamke, wanabishana juu ya pampu. Mwanamke alikuwa amevaa koti refu la kazi la buluu, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, mikono ina mafuta ya mashine. Alitupa jicho kwenye benchi, akapita, akasimama. Akarudi. "Shikamoo, Bi Mwanaidi." Shangazi aliitikia marahaba kabla hajamtambua, halafu akamtambua, na kikapu kikamteleza mapajani nikakidaka mimi. Alikuwa Rukia wa Bi Zuhura. Rukia ambaye mtaa mzima ulijua yuko Muscat, kwa mume, anaishi nyumba ya ghorofa, na kila Idi mamake akitugawia halua akisema ametumiwa na bintiye kutoka huko.

"Mama aliniambia kwa simu Swafiya ni mgonjwa sana," Rukia akasema, ananitazama mimi. "Kaniambia niwatafute hospitali zote."

"Nasi mamako alituambia uko Muscat," shangazi akasema.

Walitazamana. Mlinzi akajifanya anasoma gazeti. Rukia ndiye aliyeanza: mume alimwacha, muda sasa. Cheti chake cha ufundi alikuwa nacho tangu kabla ya harusi, akakitoa sandukuni, akapata kazi hapa ya kuangalia maabara ya maji. "Mama hataki watu wajue. Anaona aibu nimeachwa, halafu ana hofu kwa kuwa nimepata kazi. Anaogopa watu wataitia jicho." "Jicho la nani?" shangazi akauliza. Rukia akaangalia mikono yake yenye mafuta. "Nisamehe, Bi Mwanaidi. Anaogopa lako." Sijawahi kumwona shangazi akicheka vile, si kabla wala baada. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. "Huyu hana hata mafua," akasema, ananionyesha kwa kidole. "Nilikuwa namwepusha na jicho la mamako."

Rukia alitufungulia milango yote. Shangazi alilala kwenye kitanda cha bweni na viatu amevua, akageuza funguo mara nyingi kuliko lazima, akafungulia mabomba ya bafuni akayaacha yamwagike anahesabu kimoyomoyo. Mimi nilikuwa sioni mabweni. Nilikuwa nangoja maabara, na tulipofika nikasimama mlangoni. Kulikuwa na mfereji mrefu wa kioo, urefu wa nyumba yetu, na Rukia akazungusha kishikio, maji yakaja yakipita mbele yangu, wazi, ukiyaona mpaka tumboni. Akateremsha kibao kidogo, maji yakainuka, yakajikunja, yakatulia mbele. Akaniambia nizungushe mimi. Nilikuwa na furaha iliyonitisha, kwa sababu nilijua kwamba baada ya siku ile nikinyimwa sitaweza tena kujidanganya kwamba sikujua ninachonyimwa. Na nyuma yangu nikasikia shangazi akiuliza swali nililokuwa nikilihofia tangu getini: "Rukia, niambie kweli. Mumeo alikuacha kwa ajili ya mambo haya?" Niliendelea kushika kile kishikio cha chuma. "La, Bi Mwanaidi. Aliniacha nikiwa ndani, nampikia, sitoki hata dukani. Kazi hii nimeijia baadaye, nilipokuwa sina pa kwenda. Ndiyo inayonilisha, na mama pia. Hata ile halua ya Muscat, nainunua hapa mjini." Tulipoagana shangazi alimwachia kikapu kizima, akamfuta mafuta shavuni kwa ncha ya buibui lake. "Mimi sikukuona," akamwambia. "Na wewe hukuniona."

Njia nzima ya kurudi hakufungua mdomo ila kuswali na kula ndizi. Kila nikijaribu kuuliza, alikuwa akigeukia dirishani. Tulifika nyumbani Jumapili mchana, na kabla baba hajatoka msikitini, Bi Zuhura alikuwa ameshaingia na sufuria yake. Akakaa chini, hakuvua hata kanga ya kichwani. "Haya, Mwanaidi. Daktari kasemaje?" Shangazi alimtazama jirani yake kwa muda. Neno alilokuwa nalo mdomoni lingetosha kutembea mtaani mwezi mzima. Watu wamekosana vizazi kwa dogo kuliko hilo. Alichukua ule uji, akaumimina kwenye bakuli, akaupoza kwa kijiko. "Tumeonewa huruma, Zuhura. Tumepata daktari mzuri. Mtoto wa watu, mpole, ana adabu zake, anajua kazi yake mpaka watu wazima wanamfuata nyuma. Nikajisemea, huyu mamake amemlea." Bi Zuhura aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanga yake. Sijui alielewa nini wakati ule. Baadaye sana akauliza, sauti ndogo, "Kwa hiyo mtoto atapona?" Shangazi akanipa bakuli, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu tuondoke bara. "Atapona. Lakini itabidi arudi huko akakae. Kuna mtu wa kumtazama." Nikaunywa ule uji wote. Baba alipoingia aliambiwa maneno machache tu: choo kisafi, maji yapo, mlango unafungwa kwa ndani. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye ngazi za shule kabla Mwalimu Mutiso hajafika, nimesimama, maana kukaa kulinishinda.

Nilisoma pale mpaka nikamaliza, na Rukia ndiye aliyenishika mkono katika mengi ambayo wahadhiri hawakuwa na subira nayo. Kila nilipokuja likizo Bi Zuhura aliniuliza kama nimepata nafuu, nami nikamwambia alhamdulillahi, na kila nilipoondoka shangazi alinipa mahamri "ya daktari". Uchumba wangu na kazi yangu ya kwanza vilipita, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja kati ya wale majirani wawili aliyemwambia mwenzake anachokijua. Watu wa siku hizi wataona ni uongo. Mimi nimekwishaacha kulipa jambo lile jina. Najua tu kwamba ningeweza kupotea kwa sababu ya hofu ya shangazi, na kwamba yeye huyo huyo, kwa ulimi uliokaa kimya, ndiye aliyenipeleka. Nami pia, pamoja na kusoma kote, mradi wangu siutangazi mpaka maji yatoke.

Basi pale kwenye hitima mama yule bado alikuwa akiningoja, na kikombe cha Bi Zuhura bado kilikuwa mkononi. Rukia alikuwa ameangalia mkeka.

"Tulijuana hospitali," nikasema. "Mwaka ule nilipoumwa."

"Kumbe uliumwa hivyo?" mama yule akashangaa.

Bi Zuhura akakiteremsha kikombe, akakitafuta kisahani kwa vidole mpaka akakipata. "Aliumwa sana," akasema. "Mimi mwenyewe nilimpikia uji. Mwanaidi ndiye aliyempeleka, Mungu amrehemu. Angekuwa mtu mwingine, huyu asingepona."